Si Mionzi, ni Mkuza

Mkuza wa laini ya umeme ya kilovoti 400 nchini Tanzania una upana wa mita 52, yaani mita 26 kila upande kutoka mstari wa katikati ya minara. Ndani ya mkuza haijengwi nyumba wala haupandwi mti mrefu, na vilivyokuwamo kabla ya laini huvunjwa na kukatwa. Laini ya Singida–Arusha–Namanga, ambayo ni sehemu ya Tanzania ya njia inayoishia Isinya nchini Kenya, ina urefu wa kilomita 414 hivi. Ukizidisha urefu huo kwa upana wa mkuza unapata hekta 2,150 na ushei, zaidi ya ekari 5,300. Njia hiyo ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na shirika la misaada la Japani, JICA, ikaanza kupitisha umeme mwishoni mwa 2024. Kati ya Singida na Arusha inavuka mkoa wa Manyara, katika ukanda wa Hanang, Mbulu na Babati, ukanda ambao ulikuwa na laini ya zamani ya kilovoti 220 kabla yake.

Laini ya namna hii ikipita vijijini, malalamiko hayakosekani, na majibu yake yamekwisha kukaririwa. Wananchi, inasemwa, wanaogopa mionzi kwa kukosa elimu. Waliopisha mradi wamelipwa fidia, hivyo hawana la kudai. Ardhi iliyochukuliwa sehemu kubwa ni mbuga tupu. Na umeme ni wa Watanzania wote, kwa hiyo anayelalamika anakwamisha maendeleo. Hayo husikika kwenye hotuba za uzinduzi, kwenye semina za uhamasishaji na kwenye safu za magazeti, na dawa inayoandikwa ni moja: elimu kwa umma.

Dawa hiyo inapewa mtu asiyeumwa ugonjwa huo. Mbulu na Hanang hazina upungufu wa elimu kuhusu ardhi. Mashauri mawili kati ya yale yaliyoijenga sheria ya ardhi ya Tanzania yalianzia huko, na watu wake wanajua kuliko wengi nini hutokea kijiji kinapoangukia kwenye ramani ya mradi wa taifa. Wanacholalamikia kinapimika kwa mita, kwa miezi na kwa shilingi. Kukiita hofu ni namna ya kukwepa kukihesabu.

Hofu na vipimo

Upande wa afya ndiko mtazamo uliozoeleka una nusu ya ukweli, na nusu hiyo haina budi kukubaliwa kwanza. Vijijini neno "mionzi" hutumika kwa kila kisichoonekana kinachodhaniwa kutoka kwenye waya. Kitaalamu, umeme wa hezi 50 hautoi mionzi ya aina ya eksirei wala ya urani. Nguvu yake haifiki kiwango cha kuvunja vinasaba vya mwili. Kinachouzunguka waya ni vitu viwili: uga wa umeme, unaotokana na msongo, na uga wa sumaku, unaotokana na mkondo unaopita. Chini kabisa ya laini ya kilovoti 400 uga wa sumaku huwa maikrotesla chache. Mtu akisogea pembeni unashuka haraka, na akifika mita mia na kitu haupishani sana na ule wa ndani ya nyumba yoyote yenye umeme. Kikomo kilichopendekezwa mwaka 2010 kwa watu wa kawaida na ICNIRP, tume ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya athari za uga wa aina hii, ni maikrotesla 200.

Ni kweli pia kwamba mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka uga wa sumaku wa aina hii katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Sababu yake ilikuwa tafiti zilizoonyesha uhusiano dhaifu kati ya uga wa wastani unaozidi maikrotesla 0.3 au 0.4 na saratani ya damu kwa watoto. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2005, uliochunguza watoto zaidi ya 29,000 waliougua saratani, ulikuta kwamba waliozaliwa ndani ya mita 200 kutoka kwenye laini kubwa walikuwa na hatari ya saratani ya damu mara 1.69 ya wale wa mbali. Lakini ongezeko dogo lilionekana hadi mita 600, mahali ambapo uga wa laini umekwisha kufifia. Utafiti huo ulipoendelezwa na matokeo kutolewa mwaka 2014, ongezeko lilibaki kwenye miongo ya mwanzo tu, na kwa watoto waliozaliwa tangu miaka ya 1980 halikuonekana. Waya ungekuwa ndio chanzo, usingeacha kudhuru kwa sababu miaka imesogea. Anayetangaza kijijini kwamba laini italeta saratani hana ushahidi wa kumtosha.

Nusu ya ukweli inaishia hapo. Uga wa umeme una habari nyingine. Kikomo chake kwa watu wa kawaida ni kilovoti 5 kwa mita, na chini ya laini ya kilovoti 400, pale waya unapolegea karibu zaidi na ardhi, kipimo kinaweza kukikaribia kikomo hicho au kukipita. Waya hulegea zaidi mchana wa jua kali na mzigo wa umeme ukiwa mkubwa, kwa kuwa chuma na alumini hutanuka vikipata joto. Kwa hiyo urefu wa mnara na umbali kati ya mnara na mnara ni suala la usalama, na mwananchi ana haki ya kuuliza waya utakuwa mita ngapi juu ya shamba lake siku ya joto kuliko zote.

Uzio wa waya uliovutwa sambamba na laini hukusanya chaji. Mchungaji anayeufungua asubuhi hupigwa na shoti ya ghafla, isiyoua lakini inayomfanya arushe mkono, na banda la bati lililo karibu na mkuza linaweza kufanya vivyo hivyo. Nyumba ya asili ya Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, yaani tembe lenye paa la udongo, haikuwa na tatizo hilo. Paa la bati linalo. Tena Mbulu ni nchi ya ukungu. Hewa ikiwa na unyevu, nyaya za msongo mkubwa hutoa mchakacho unaosikika wazi, kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, kwa sababu umeme unavuja kidogo kidogo kwenda hewani kuuzunguka waya. Mchakacho huo una maelezo rahisi na shoti ya uzio ina dawa rahisi: kuufunga uzio kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Lakini mwelimishaji anayefika na kusema kwamba hakuna kitu, mbele ya mtu aliyepigwa shoti juzi na anayesikia nyaya zikichakacha kila alfajiri, anamfundisha jambo moja tu, kwamba mwelimishaji hasemi kweli. Baada ya hapo hata takwimu sahihi za saratani hazitasikilizwa.

Neno "mionzi" linashika nafasi kubwa vijijini kwa sababu nyingine pia. Mwanakijiji akisema "nyaya hizi zitatudhuru", anasikilizwa, anaandikwa, anaitiwa mtaalamu. Akisema "kipande kilichobaki hakitoshi kulisha nyumba yangu", anajibiwa kwamba uthamini umekwisha fungwa. Watu hutumia lango lililo wazi. Anayetaka kujua wanachodai kwa kweli hana budi kuachana na lango hilo na kwenda shambani.

Hesabu ya shamba

Shamba la ekari tatu likiwa mraba lina mita 110 kila upande. Laini ya kilovoti 400 ikilipitia katikati, mkuza unachukua mita 52 za upana kwa mita 110 za urefu, yaani mita za mraba 5,720, karibu ekari moja na nusu. Kinachobaki ni vipande viwili, kila kimoja na upana wa mita 29, vikitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mkuza. Mahindi, maharage au alizeti huweza kulimwa chini ya nyaya pale yanaporuhusiwa, kwa kuwa ni mazao mafupi. Mgrevilea wa mbao hauwezi kupandwa, mparachichi hauwezi, na kijana wa nyumba hiyo anayetaka kujenga kwake hana pa kujenga. Katika nyanda za juu za Mbulu jambo hilo ni zito kuliko kwingine, kwa kuwa makazi ya huko yametawanyika na nyumba husimama ndani ya shamba lake. Mkuza unaokata shamba unakata pia uwanja wa nyumba, zizi na mahali pa kizazi kinachofuata.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja vipengele: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa miezi 36 kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeongeza kwamba uthamini ukipitisha miaka miwili bila kulipwa, unafanywa upya.

Orodha hiyo inaonekana imekamilika hadi ipimwe juu ya shamba la mita 110. Posho ya makazi ni ya mwenye nyumba inayovunjwa, na faida ya miezi 36 ni ya mwenye biashara. Mkulima ambaye nyumba yake imesalimika kwa mita tatu nje ya mkuza anabaki na thamani ya kipande, ya mazao na ya miti, pamoja na posho ya usumbufu. Vipande viwili vya mita 29 havitajwi kwa jina popote katika orodha hiyo. Kushuka kwa thamani yao, ugumu wa kuvilima kwa trekta, na kupotea kwa nafasi ya kujenga ni mambo yanayotegemea jicho la mthamini atakayefika siku hiyo. Mnunuzi wa ardhi katika soko la Katesh au Dongobesh anajua bei ya shamba lenye nyaya juu yake, na mwenye shamba anaijua pia. Ni orodha peke yake isiyoijua.

Kuna pia gharama ya kungoja. Uthamini ukifanyika, siku hiyo inakuwa tarehe ya ukomo, na chochote kinachoongezwa baadaye hakilipwi. Nyumba inawekewa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kuanzia hapo ufa wa ukutani hauzibwi, bati linalovuja halibadilishwi, choo kilichojaa hakichimbwi upya, na miche ya miti inabaki kitaluni, kwa sababu kila shilingi inayotumika humo imetupwa. Familia inaishi ndani ya nyumba iliyokwisha kuhukumiwa kuvunjwa bila kujua ni lini. Riba ya sheria inalipia kuchelewa kwa fedha, hailipii misimu ya kilimo iliyopita mtu akiwa hajui apande nini wala wapi. Bei ya ardhi nayo haingoji. Fedha iliyotosha kununua ekari moja jirani siku ya uthamini inaweza kununua nusu yake siku ya malipo, hasa pale watu wote wa mkuza mmoja wanapotafuta ardhi katika kata moja kwa wakati mmoja.

Kusema "amelipwa" hakutoshi, basi. Muuzaji wa kawaida hupanga bei, huchagua siku na anaweza kukataa. Anayepisha mradi hana hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana sheria ikamlinda kwa maneno yale matatu. Malipo kamili yaliyochelewa yamekosa moja, na malipo ya haraka yasiyohesabu kipande kilichobaki yamekosa jingine. Anayeyadai hayo anadai sheria ya nchi itekelezwe, na hakuna namna ya kumwita mpinga maendeleo bila kuiita sheria yenyewe hivyo.

Mbuga isiyo tupu

Dai la tatu, kwamba laini inapita kwenye mbuga tupu, lina historia chungu Hanang kuliko mahali pengine popote nchini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano kwenye uwanda wa Basotu. Yalikua hadi mashamba saba yenye ekari zipatazo 100,000. Kwenye karatasi za mradi uwanda huo ulikuwa pori. Kwa Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, ulikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote katika mzunguko wao wa mwaka, ambayo mifugo hupelekwa kwa msimu na kuondolewa ili nyasi zipumzike. Utupu ulioonekana na wapimaji ulikuwa kazi ya wafugaji wenyewe: malisho yaliyopumzishwa kwa makusudi yanafanana na ardhi isiyo na mwenyewe.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikipa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba halmashauri ya kijiji kuwa chombo cha utawala hakuifanyi kuwa mmiliki wa ardhi iliyo ndani ya mipaka yake. Na wanakijiji wengi walioshtaki pamoja nayo walishindwa kwa kuwa hawakuthibitisha mahakamani kwamba ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1923. Watu wa Hanang walipoteza ardhi Hanang kwa kutothibitisha kwamba ni wenyeji. Trekta zililima hadi juu ya bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wa Kibarabaig ambavyo ukoo huvitunza na kuvirudia kwa vizazi.

Miaka tisa baadaye jibu lilitoka upande wa pili wa ukanda huohuo. Shauri la Akonaay lilianzia Kambi ya Simba, wakati huo ikiwa wilaya ya Mbulu na sasa Karatu. Baba na mwanawe walikuwa wamepoteza ardhi yao wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, wakarudishiwa na mahakama, kisha sheria ya mwaka 1992 ikaja kuzifuta haki za kimila za watu wa namna yao. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye majengo na mazao. Mtu aliyetia jasho lake kwenye ardhi anastahili kulipwa hata kama hakuna jengo la kuhesabu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitungwa baada ya uamuzi huo. Kanuni ambayo wathamini wa leo wanaisoma inapofika suala la ardhi ya kimila iliwekwa kwa madai ya wanakijiji wa Mbulu ya zamani, watu ambao semina inawaendea kuwaelimisha.

Laini ya umeme haifanani na shamba la ngano, na ni haki kulisema hilo. Ng'ombe hupita chini ya nyaya bila kuzuiwa, nyasi huota hadi kwenye miguu ya mnara, na eneo linalozibwa kabisa na msingi wa mnara ni dogo. Anayesema laini imewanyang'anya wafugaji malisho yote anatia chumvi. Tatizo la mfugaji liko kwenye orodha. Mthamini anahesabu migomba, mikorosho, vyumba na vyoo, na malisho hayana safu. Yakilipwa kama ardhi ya jumla ya kijiji, fedha huingia kwa halmashauri ya kijiji, na familia zinazohamia hapo kwa msimu huenda zisiwemo hata kwenye daftari la kijiji hicho. Nazo barabara za ujenzi zilizofunguliwa kufikisha vyuma vya minara hubaki wazi baada ya mkandarasi kuondoka, na katika nchi yenye uhaba wa ardhi barabara mpya ndani ya malisho humleta mwenye plau. Hasara ya mfugaji inakuja baadaye na kwa mlango wa nyuma, na uthamini wa siku moja hauwezi kuiona.

Makaburi nayo yana sheria yake, ya mwaka 1969, inayoruhusu kuyahamisha kwa utaratibu maalumu. Kaburi la kawaida linaweza kufukuliwa na masalia kuzikwa upya. Bung'eda ni kilima kilichojengwa kwa tambiko na kupewa mahali pake, na kukihamisha ni kukifuta. Kati ya mnara mmoja na mwingine kuna mita mia tatu hadi mia nne na zaidi, kwa hiyo msingi wa mnara unaweza kusogezwa, na mstari unaweza kupindwa kwa gharama ya minara mizito zaidi ya kona. Gharama hiyo ni ndogo wakati mstari ungali wa kalamu, na inakuwa kubwa mno zege likishamwagwa. Ndiyo maana wazee wanaojua vilima vilipo hawana budi kuulizwa kabla ya mpimaji, na mahali pao pa kuulizwa si mkutano wa kugawa hundi.

Umeme unaopita juu

Lalamiko linalochekwa kuliko yote ni lile la umeme unaopita juu ya vichwa vya watu wanaowasha kibatari. Jibu la kitaalamu ni sahihi. Umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa kwa sababu ukizidisha msongo mara mbili, mkondo unaohitajika kwa nguvu ileile unapungua kwa nusu, na upotevu ndani ya waya unashuka hadi robo. Kuushusha kutoka kilovoti 400 hadi kiwango cha nyumbani kunahitaji kituo cha kupoza umeme, ambacho ni mradi mkubwa peke yake. Vituo vya njia hii viko Singida na Lemugur, Arusha. Vijiji hupata umeme kutoka laini za msongo wa kati wa kilovoti 33, zinazotoka kwenye vituo kama cha Babati, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ndio unaozisambaza.

Jibu hilo linamaliza swali ambalo halikuulizwa. Mwanakijiji hakuuliza kwa nini waya wa kilovoti 400 hauwezi kufungwa kwenye nyumba yake. Ameuliza kwa nini mradi uliopata fedha za kuvuka shamba lake haukuwa na fedha za kuleta nguzo za msongo wa kati hadi kitongojini kwake. Hilo ni swali la bajeti. Kuunganishiwa umeme wa REA kwa shilingi 27,000 ni rahisi kwa aliye karibu na nguzo, lakini katika makazi yaliyotawanyika ya Mbulu transfoma husimama kwenye kitovu cha kijiji, karibu na shule, zahanati na maduka, na kaya iliyo kilomita mbili upande wa pili wa korongo haifikiwi. Kijiji kinaweza kuandikwa kwenye taarifa kuwa kimefikiwa na umeme huku vitongoji vyake vikiwa gizani, na mkuza wa laini kubwa hupita kwenye vitongoji na mashamba, mara chache kwenye kitovu.

Hoja kwamba umeme ni wa Watanzania wote inageuka hapa dhidi ya wanaoitoa. Faida ya njia hii ni ya taifa kweli. Inaunganisha gridi ya Tanzania na ya Kenya, na kupitia Kenya, na ya Ethiopia pia. Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafiri kutoka mbali hupotea njiani. Viwanda na hoteli za Arusha na Kilimanjaro vitanufaika, na ni jambo jema. Lakini faida ikiwa ya wote, gharama haiwezi kuachwa kwa wenye shamba la mita 110. Usawa wa kitaifa unataka walio chini ya nyaya wafidiwe hadi hali yao isiwe mbaya kuliko ya aliye Arusha asiyetoa hata mita moja.

Gharama ya haraka

Ngome ya mwisho ya mtazamo uliozoeleka ni muda: kusikiliza kila kijiji kutachelewesha mradi, na kuchelewa ni ghali. Mfano mzuri wa kupima hoja hiyo uko ng'ambo ya mpaka. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, lilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kilovoti 400 ya kulifikisha kwenye gridi, yenye kilomita zaidi ya 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ilikamilika mwaka 2018 tu, baada ya kukwamishwa na kufilisika kwa mkandarasi wa Kihispania na migogoro ya mikuza. Kwa muda wote huo mitambo ilisimama, na wateja wa Kenya wakabebeshwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hawakuutumia. Mkuza uliokuwa haujamalizana na wenye ardhi ulikuwa sehemu ya bei hiyo.

Kwa mradi wa umeme kuna hesabu mbili za muda. Moja inaanza siku mkataba unaposainiwa, na kwa hesabu hiyo kila mkutano wa kijiji ni siku iliyopotea. Nyingine inaanza siku mstari unapochorwa na kuishia siku umeme unapopita bila zuio la mahakama, bila vijana kukaa mbele ya tingatinga na bila uthamini kurudiwa kwa kupitisha miaka miwili. Kwa hesabu ya pili mikutano ya mwanzo ndiyo njia ya mkato.

Yanayodaiwa Mbulu na Hanang ni machache na yana vipimo. Mstari ujadiliwe na mkutano mkuu wa kijiji, wafugaji wa msimu wakiwemo, kabla haujafungwa, na vilima vya makaburi viwekwe kwenye ramani hiyo. Kipande kinachobaki nje ya mkuza kiwe na safu yake kwenye jedwali la fidia. Riba ya baada ya miezi sita iingizwe na mlipaji mwenyewe, bila mkulima kuidai kwa wakili. Uga wa umeme upimwe hadharani chini ya nyaya, mbele ya watu, na nyuzio na mabati ya jirani na mkuza yafungwe ardhini kwa gharama ya mradi. Vitongoji vinavyopitiwa viwe vya kwanza kufikiwa na laini ya msongo wa kati, na gharama yake iwemo kwenye mkopo uleule.

Elimu ina nafasi yake baada ya hapo, na inapaswa kwenda pande zote mbili. Anayekwenda kufundisha kuhusu uga wa sumaku abebe kipimo chake na majibu ya kweli, na akiwa huko ajifunze muhajega ni nini na kwa nini ardhi iliyopumzishwa si ardhi tupu. Mkutano mkuu wa kijiji nao uwekewe mezani karatasi tatu: ramani ya mstari, jedwali la malipo lenye tarehe, na orodha ya vitongoji vitakavyowashiwa umeme. Mkutano usiowekewa karatasi hizo haujaukataa mradi, kwa sababu bado haujaulizwa.